Keswick, mvua siku nne, na mama mkwe ana goti: msirudi nyumbani

Swali nalifupisha hivi. Dada mmoja wa Manchester ameshalipia nyumba ya siku nne pale Keswick, mji mdogo wa milima na maziwa kaskazini magharibi mwa England, likizo fupi ya shule ya mwisho wa Oktoba, wanaenda watano kwa gari: yeye, mume wake, mtoto wa kike wa miaka 11, wa kiume wa miaka 6, na mama mkwe aliyekuja kutoka Tanga, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, goti linamsumbua. Walipanga kupanda boti ziwani na kutembea mlimani. Sasa simu inaonesha matone kila siku kuanzia wanafika mpaka wanaondoka, mume anasema bora waache tu hata kama pesa hairudi, na yeye anauliza: "Tukienda makumbusho si watoto watachoka ndani ya dakika kumi, na mama nitamuweka wapi?"

Dada yangu, kwanza shikamoo zangu zimfikie mama. Halafu nikwambie moja kwa moja, nendeni. Mimi kazi yangu ni kuongoza wageni na watoto wa shule kwenye makumbusho ya huku kaskazini, miaka mingi sasa, na siku za mvua ndio siku ninazozipenda kuliko zote kwa sababu watu wanakaa, hawakimbilii nje.

Hiyo mvua haijawaonea nyie. Keswick ipo pale pale mvua inapotengenezwa, upepo unatoka baharini huko magharibi umebeba unyevu, unakutana na milima, Skiddaw peke yake iliyosimama nyuma ya mji ina mita 931, hewa inalazimika kupanda, ikipanda inapoa, ikipoa inamwaga. Kuna kijiji kinaitwa Seathwaite, si mbali kwa gari, kinapata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, hakuna kijiji England nzima kinachonyeshewa kama kile. Na pale Honister, juu kidogo ya hapo, tarehe 5 Desemba 2015 zilipimwa milimita 341.4 ndani ya saa 24, rekodi ya Uingereza yote. Dar es Salaam mwaka mzima inapata kama 1,100, sasa we piga hesabu, karibu theluthi ya mwaka wa Dar imeshuka siku moja.

Na nyie watu wa Manchester mna sababu yenu ya kuiheshimu mvua hiyo. Kusini ya Keswick kuna bwawa la Thirlmere, mji wenu ndio uliojenga ukuta pale bondeni, na tangu 1894 maji yanateremka yenyewe, hayasukumwi na pampu, kilomita zaidi ya 150 mpaka Manchester. Sehemu ya maji ya chai yenu inatoka huko. Hilo mwambie binti yako mkiwa njiani, wa miaka 11 analiweza vizuri.

Sasa mpango. Mlima hamtauona, ukungu utaufunika, huo ndio ukweli. Ila makumbusho mawili ya mji ule yote yametoka tumboni mwa milima ile, moja ni la penseli na jingine lina marimba ya mawe. Kwa hiyo msiende kama watu waliokosa mlima, nendeni kuuona kwa ndani. Na msifanye yote siku moja. Mwaka mmoja niliwapeleka ndugu zangu makumbusho manne kwa siku moja, nilitaka waone kila kitu, saa tisa mchana watoto wanalia na wazee wamenyamaza, hakuna aliyekumbuka chochote. Toka siku hiyo nasema moja asubuhi, kula, kupumzika, la pili kama bado mna nguvu.

Anzeni na makumbusho ya penseli, Derwent Pencil Museum, lipo karibu na daraja la mto Greta, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji kwa kufuata Main Street, na paking ipo hapo hapo kwa hiyo mama hatembei. Najua unafikiri penseli ina nini cha kuangalia. Ngoja.

Miaka ya 1500 huko, wachungaji wa bonde la Borrowdale, hapo hapo Seathwaite kwenye mvua nyingi, walikuta jiwe jeusi laini linaloteleza mkononi. Inasimuliwa kuwa dhoruba iling'oa mti, jiwe likaonekana kwenye mizizi. Wao wakaliita "wad" wakaanza kuwekea kondoo alama. Ni kinywe. Ndiyo, kinywe hiki hiki tunachokisikia kwenye taarifa ya habari, cha Mahenge kule Ulanga na cha Ruangwa mkoani Lindi, wanachokitafuta sasa hivi kwa ajili ya betri. Tofauti ni kwamba cha kwetu kimechanganyika na mwamba, mpaka usage na kuchuja, wakati cha Borrowdale kilikuwa kinatoka mabonge mazima, safi, unakata kwa msumeno unapata vijiti, unavibana kwenye mti, tayari unaandika. Kinywe kigumu kwa wingi na usafi ule hakikupatikana kwingine. Halafu wakubwa wakagundua kingine, ukipaka ndani ya kalibu ya kumiminia chuma unapata risasi za mizinga laini, zilizo duara sawasawa. Hapo ndio bei ikapanda, mgodi ukawekewa walinzi wenye silaha, unafunguliwa kwa vipindi tu, na mwaka 1752 bunge likatunga sheria kabisa kwamba kuiba kinywe cha mgodi ule ni kosa kubwa la jinai. Kwa kitu ambacho sisi tulikuwa tunakitafuna darasani!

Mwambie mama asome hapo taratibu. Dada, huyo mama yako alikuwa mwalimu wa msingi, wewe unamhesabu kama mtu wa kutafutiwa kiti, mimi namuona ndio kiongozi wa msafara. Ni penseli ngapi zimepita mikononi mwake? Ni watoto wangapi amewashika mkono akawaonesha "a" inazungushwa vipi? Kwetu penseli moja ilikuwa inakatwa katikati, nusu yako nusu ya mdogo wako, inachongwa kwa wembe mpaka inabaki kipande kidogo kama punje ya karanga na bado kinaandika. Wajukuu zake waliozaliwa Manchester hawayajui hayo. Ayaseme yeye, pale pale mbele ya kabati la vioo, kwa Kiswahili, na wao wamtafsirie bibi maandishi ya Kiingereza pale anapokwama. Nimeliona hili mara nyingi: mzee akipata kitu kinachomhusu, goti analisahau, na mtoto hachoki kwa sababu anayesimulia ni bibi yake na si bango la ukutani.

Kuna vitu viwili pale msivipite haraka.

Cha kwanza kwa ajili ya mdogo, penseli ya njano ndefu karibu mita 8, uzito zaidi ya kilo 400, ya mwaka 2001. Mpe kazi: aipime kwa hatua zake kutoka ncha mpaka mwisho, mara tatu, halafu akwambie ni hatua ngapi. Watoto wa umri ule ukimpa kazi ya kuhesabu anatulia kuliko ukimwambia "angalia".

Cha pili ni kwa wote na hapa naomba mkae. Wakati wa vita ya pili ya dunia kulikuwa na mtumishi wa serikali anaitwa Charles Fraser-Smith, kazi yake ilikuwa kuwatengenezea majasusi na wanajeshi vifaa vya siri. Akaja Keswick. Penseli zikatengenezwa zenye ramani ndani, ramani nyembamba ya karatasi laini imeviringishwa, imesukumwa kwenye tundu mahali pa risasi ya penseli, yaani ule uti mweusi unaoandika, na chini ya kile kifutio kimejificha kidira kidogo sana, cha kumuonesha rubani kaskazini iko wapi kama ndege imeangushwa Ujerumani. Upande wa ncha bado kuna uti wa kweli, unaandika nao, haikamatiki. Rangi ni kijani kibichi. Na kazi ilifanywa usiku na mameneja wachache, baada ya wafanyakazi kwenda nyumbani, wanachukua penseli zilizokwisha kutengenezwa, wanazitoboa, wanaweka mzigo, wanazirudisha, asubuhi watu wanaingia kiwandani hawajui lolote. Angalieni ukubwa wa hiyo dira kwa karibu, binti yako apige magoti pua iguse kioo. Dira ile inalala juu ya ukucha wa kidole kidogo.

Muoneshe pia penseli inavyotengenezwa, maana wengi tunadhani mti unatobolewa. Hapana. Ni vibao viwili vyembamba vya mwerezi vyenye mifereji, risasi zinalazwa kwenye mifereji, kibao cha pili kinagundishwa juu kama mkate wenye siagi katikati, ndipo vinakatwa penseli moja moja. Nyumbani chukua penseli ya mbao iliyochongwa vizuri, itazame kitako, mara nyingi utauona mstari wa gundi. Na zile herufi H na B ni udongo, Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795 alikosa kinywe cha Kiingereza kwa sababu ya vita, akachanganya unga wa kinywe na udongo akachoma, udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu, ukipungua inakuwa laini nyeusi. HB ya mama ni ya katikati.

Makumbusho hayo yenyewe yaliwahi kuzama. Mvua ile ya Desemba 2015 niliyokutajia ilipanda kwenye mto Greta ikaingia ndani, wakafunga mpaka 2017. Kwa hiyo mkisimama pale na mvua inapiga bati mjue jengo lenyewe linaifahamu.

Chakula. Hapa kwa familia ya Kiislamu kuna mambo mawili mtu hakwambii. Ile soseji ndefu iliyokunjwa kama kamba, kila hoteli wanaisifu kwa jina la Cumberland, ni nguruwe. Na samaki na chipsi, ambayo wengi tunaiona salama, maduka mengi ya kaskazini huku yanakaanga kwa mafuta ya ng'ombe na si ya mimea, ng'ombe ambaye hakuchinjwa kihalali, kwa hiyo uliza kabla hujaagiza, swali la kawaida tu, wanajibu bila kinyongo. Mimi ningebeba chupa ya chai ya tangawizi na chapati kutoka nyumbani, mkale kwenye gari mbele ya ziwa la Derwentwater, vioo vimeingia mvuke, watoto wachore kwenye kioo kwa vidole.

Mchana au kesho yake nendeni Keswick Museum, lipo pembeni ya bustani ya Fitz Park, upande wa pili wa mji. Dogo, la zamani, jengo la miaka ya 1890. Humo ndimo yalimo mawe ninayokwambia. Fundi wa kuchonga mawe wa hapo mjini, Joseph Richardson, alikuwa akigonga vipande vya jiwe fulani la mlima Skiddaw, akasikia vinalia kama kengele. Jiwe lile lilichomwa na joto la miamba chini ya mlima mpaka likawa gumu, ndio maana linalia. Basi akaanza kuokota, kuanzia 1827 mpaka 1840, miaka 13, anabeba mawe kutoka mlimani anayachonga kidogo kidogo, ukimega kidogo sauti inapanda, ukimega sana umeliharibu unarudi mlimani kutafuta jingine. Akamaliza marimba kubwa ya mawe, akazunguka nayo na wanawe, wakaipiga mpaka mbele ya Malkia Victoria.

Na hapo watu huruhusiwa kupiga. Ndio maana nasema watoto hawachoki. Waelekeze wapige katikati ya jiwe na si ukingoni, taratibu, halafu waache mpaka sauti iishe kabisa kabla ya kugonga jingine. Jiwe refu linatoa sauti nene, fupi linatoa nyembamba, lakini si kama kengele ya chuma, ina ukavu fulani, kama umegonga kikombe cha udongo kizuri. Mama akijua wimbo wa watoto wa shule, ule wa kuhesabu, autafute pale kwa kugonga. Nilishamuona bibi mmoja wa Kisomali akiwa kwenye kiti cha magurudumu akapiga mawe yale kwa dakika ishirini, wajukuu wamekaa chini kimya.

Humo pia kuna paka. Nakuonya mapema kwa sababu ya wa miaka 6, wengine wanapenda sana na wengine wanaota usiku. Ni paka aliyekauka, wa zaidi ya miaka 600, alikutwa kwenye paa la kanisa la kijiji cha Clifton. Watu wa zamani huku walikuwa wanaficha paka kwenye jengo ili kuzuia mabaya, ni hirizi yao hiyo, mama atalielewa haraka kuliko wewe. Na kuna kumbukumbu za mshairi Robert Southey aliyeishi Keswick miaka 40, ambaye ndiye aliyechapa ile hadithi ya dubu watatu mwaka 1837, watoto wako wameshaisoma shuleni bila shaka.

Kama siku ya tatu bado inanyesha na baba watoto anataka kitu cha mikono, ampeleke binti Threlkeld, kijiji cha jirani, kuna machimbo ya mawe ya zamani yaliyogeuzwa makumbusho, yana reli ndogo, mashine za kuchimbia za zamani, na ziara ya chini ya ardhi mnavaa kofia ngumu. Chini huko hakunyeshi. Ila ni baridi na ardhi haiko sawa, mama na mdogo wabaki mjini. Hufungwa majira ya baridi kwa hiyo pigeni simu kabla hamjawasha gari, mwisho wa Oktoba wanakuwa ukingoni mwa msimu.

Jumamosi na Alhamisi kuna soko pale katikati ya mji, kwenye uwanja wa Moot Hall, jengo la 1813 lenye saa ya mshale mmoja tu. Mshale mmoja kweli, unasoma saa na dakika unakadiria. Mpe mdogo aisome. Wauzaji wanafungua hata ikinyesha, mama anunue jibini au asali, apokewe kwa Kiingereza chake cha kufundishia, azungumze yeye mwenyewe, usimzungumzie.

Mavazi: miavuli acheni, upepo wa bondeni unaipindua. Koti la mvua lenye kofia, gambuti kwa watoto, na soksi za akiba kwenye mfuko wa plastiki, kila mtu jozi mbili, maana mtoto mwenye soksi mbichi makumbusho hayamsaidii. Kwa mama, goti linakaza kwenye baridi, mfungie kanga ya pili ndani ya sketi ngumu kuzunguka magoti, na kila mkiingia jengo jambo la kwanza uliza kiti. Usione haya. Kuomba kiti kwa ajili ya mzee ni kawaida na wanaleta.

Muwe tayari kwa dakika. Mvua ya huko ina matundu, inaacha nusu saa halafu inarudi. Ikiacha wekeni kila kitu chini mpande gari mpaka Castlerigg, duara la mawe la miaka kama 5,000, juu ya kilima nje kidogo ya mji, kutoka barabarani ni hatua chache tu kwenye majani. Mama akiweza kufika getini inatosha, anayaona yote. Ukungu ukifunguka hapo ndipo Skiddaw inapojitokeza, na watoto watakuwa wameshaigonga kwa mikono yao kabla hawajaiona.

Kurudi Manchester msipite moja kwa moja njia mliyojia. Shikeni barabara ya A591 kusini, inapita kando ya Thirlmere, mtaliona bwawa limejaa kati ya miti. Simamisheni gari mahali panaporuhusiwa, mmalizie chai iliyobaki kwenye ile chupa, na binti amueleze bibi yake maji yale yanaelekea wapi.